Kompyuta ya muvi inakata kwa kuishiwa ram? Mtafute mlaji kwanza

Wakuu, hii ni kwa wale wenye kikompyuta kidogo nyuma ya tivi, Raspberry Pi ya ram 1GB au 2GB yenye Kodi (programu ya kuchezea muvi), na wengine humo humo wameweka na Jellyfin (programu ya kugawa muvi) ili simu za nyumba nzima zivute muvi kwa waifai. Dalili mnazijua: mechi ya Coastal iko dakika za mwisho, picha inaganda, sauti inakwama kwama, tivi inakuwa nyeusi halafu unajikuta kwenye menyu ya mwanzo kama vile hujawahi kufungua kitu.

Kabla hujailaumu ram angalia umeme, maana hapa Tanga kuanzia Ngamiani mpaka Raskazone nusu ya hizi mashine zinaendeshwa na chaja ya simu ya buku tano. Ram ikiisha mara nyingi mashine haizimi, inayokufa ni programu tu, lakini umeme ukiwa mdogo mashine nzima inazima na kuwaka upya. Ingia kwa ssh, yaani uiandikie mashine amri ukiwa kwenye kifaa kingine, hata app ya Termux kwenye simu inatosha, uandike:

vcgencmd get_throttled

Ikijibu 0x0 umeme uko poa tangu ilipowashwa. Ikijibu kitu kama 0x50000 ujue umeme ulishawahi kushuka, tafuta chaja ya maana (Pi 3 inataka ampea 2.5, Pi 4 inataka 3) halafu ndo urudi hapa.

Sasa ram. Ikikata tu usizime mashine, logi nyingi zinafutika ukizima. Andika:

sudo dmesg | grep -i "killed process"

Ukiona mstari unaosema Out of memory na jina la programu, hapo hakuna ubishi, Linux (mfumo unaoendesha mashine) imeishiwa ram ikaua programu mojawapo ili mashine isife yote. Na hapa ndo watu wengi wanapopotea, wanaona jina la kodi pale wanaanza kufuta Kodi na kuiweka upya. Jamani, anayeuawa ni yule aliyeshika ram nyingi kwa wakati ule, si lazima ndiye aliyeleta balaa. Kodi inaweza ikawa imetulia na ram yake ile ile ya kila siku, Jellyfin ikaanza kuchambua maktaba ya muvi kimya kimya, ram ikaisha, akanyongwa Kodi kwa sababu ndo mnene kuliko wote.

Kwa hiyo mtafute mlaji. Fungua top, bonyeza M kubwa ipange kwa ram, uache iko wazi huku unaangalia muvi kama kawaida. Safu ya RES ndo ya kuangalia. Namba ikipanda ikafika mahali ikatulia, sawa, ila ikipanda tu bila kushuka hata ukirudi kwenye menyu, hapo kuna kitu kinavuja na kwa Kodi mara nyingi ni adoni (viprogramu vya nyongeza), zizime moja moja mpaka umpate. Ukiandika amri ya free -m usitishwe na namba ndogo ya free, soma available, maana Linux inatumia ram iliyolala kuhifadhi mafaili na inairudisha ikihitajika.

Walaji ninaokutana nao mara nyingi ni hawa.

Kashe ya Kodi, yaani ram inayowekea video kabla haijachezwa. Watu wanakopi advancedsettings.xml (faili la mipangilio la Kodi) ya mtu mwenye mashine kubwa. Kwenye Kodi 20 kurudi nyuma, namba ya memorysize (ukubwa wa hiyo kashe) inazidishwa mara tatu, yaani ukiweka 209715200 umesema 200MB ila Kodi inajiandaa kula 600MB, kwenye mashine ya 1GB hapo umebaki na nini? Futa huo mstari, irudi kwenye 20MB yake ya kawaida. Kuanzia Kodi 21 hii kitu imehamia kwenye mipangilio ya Services, kipengele cha Caching, usiiongeze bila sababu.

gpu_mem, yaani ram inayotengewa chipu ya picha. Maelekezo ya zamani yanakuambia uweke gpu_mem=256 au hata 512 kwenye config.txt. Hiyo inakatwa kwenye ram ile ile kabla hujafungua chochote, na draiva mpya za picha wala haziitegemei. Futa mstari, uwashe upya.

Chaneli za IPTV, yaani tivi ya kupitia intaneti. Orodha ya chaneli elfu kumi pamoja na ratiba zake za wiki nzima inakaa kwenye ram, na unaangalia ngapi, nane? Punguza orodha, na siku za mbele za ratiba weka moja au mbili. Skini (mwonekano wa Kodi) nayo, rudi Estuary ambayo inakuja na Kodi yenyewe, zile za mapambo ni nzuri kwa mwenye ram.

Jellyfin ndo mzito kuliko wote ikianza kubadilisha fomati ya video. Pi 3 haina uwezo wa kufungua H.265 (aina ya kubana video) kwa chipu, achana kabisa na kuibadilishia simu, tafuta muvi za H.264 ili simu icheze moja kwa moja. Maandishi ya chini yawe ya srt, yale ya picha yanalazimisha kubadilisha video. Kazi za kuchambua maktaba zipange saa tisa usiku. Na folda ya transcode (ya video zinazobadilishwa) usiiweke /tmp kabla ya kuandika df -h /tmp, ukiona tmpfs ujue hiyo folda yenyewe ni ram.

Halafu mwambie Linux nani afe kwanza. Andika sudo systemctl edit jellyfin, uweke:

[Service]
OOMScoreAdjust=500

Uiwashe upya Jellyfin. Siku ram ikiisha ataondoka yeye, wewe kwenye tivi unaendelea na mechi, mwenye simu atalalamika kidogo lakini ndo maisha.

Swapu, yaani nafasi ya akiba ram ikijaa, nimeiacha mwisho makusudi, maana ukianza nayo unamficha mlaji tu. Andika swapon --show, ukiona zram (swapu inayokaa ndani ya ram) tayari ipo usiguse. Kama haipo weka zram-tools kwa apt, kwenye /etc/default/zramswap weka PERCENT=50, inabana vitu ndani ya ram yenyewe bila kugusa memori kadi. Faili la swapu la magiga kwenye memori kadi mimi sishauri, ni taratibu mno na kadi inachakaa haraka.

Ukifanya yote na bado available inashuka chini ya 100MB muvi ikicheza, basi ni ram yenyewe ndogo, na ram ya Pi imechomelewa, huongezi. Tafuta mini PC yuzdi, ila mwambie muuzaji afungue kifuniko uone sloti ya ram kwa macho yako kabla hujatoa hela.