Namna ya kuweka usawa wa rangi ndani ya kazi ya kupambana na njaa Marekani

Kwa takwimu za Idara ya Kilimo ya Marekani za mwaka 2023, kaya 13.5 katika kila 100 zilikosa uhakika wa chakula kwa wakati fulani ndani ya mwaka huo. Wastani huo unaficha mengi, kwa sababu miongoni mwa kaya za Wamarekani Weusi ilikuwa asilimia 23.3, miongoni mwa Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, asilimia 21.9, na miongoni mwa Wazungu wasio Walatino asilimia 9.9. Shirika linaweza kugawa malori kwa malori ya chakula, likasifiwa na wafadhili, na pengo hilo likabaki palepale mwaka hadi mwaka. Mwongozo huu umeandikwa kwa wakurugenzi, wajumbe wa bodi na waratibu wa benki za chakula (maghala ya hisani yanayokusanya chakula cha kugawiwa wenye uhitaji) na vituo vya ugawaji wanaotaka pengo hilo lipungue, na msingi wake ni kwamba anayeamua ana uzito kuliko anayegawa.

Kabla ya kupanga lolote, jifunzeni historia ya eneo mnalolihudumia. Katika majira ya baridi ya mwaka 1962 kuingia 1963, viongozi wa Kaunti ya Leflore, Mississippi, walisitisha ugawaji wa chakula cha ziada cha serikali kuu, wakati ambapo Weusi wa kaunti hiyo walikuwa wakijiandikisha kupiga kura, na maelfu ya familia wakaachwa bila mgawo waliokuwa wakiutegemea. Mwaka 1969, katika Kaunti ya Sunflower ya jimbo hilohilo, mtetezi wa haki za kiraia Fannie Lou Hamer alianzisha ushirika wa mashamba wa Freedom Farm, ambao pia uliipa familia nguruwe jike wa kufuga kwa sharti la kurudisha baadhi ya watoto wake ili familia nyingine zipewe. Mwaka huohuo, chama cha Black Panther, cha Weusi waliopigania haki zao, kilianza kuwapa watoto kifungua kinywa bure kanisani huko Oakland. Chakula kimetumika Marekani kuwaadhibu watu kwa rangi yao, na watu haohao wamekuwa wakijitafutia majibu muda mrefu kabla ya mashirika makubwa kufika. Kwa hiyo andikeni, japo kwa ukurasa mmoja, ni mitaa ipi ya mji wenu ilipakwa rangi nyekundu kwenye ramani za mikopo ya nyumba za miaka ya 1930 (yaani ilihesabiwa kuwa ya hatari kukopeshwa, mara nyingi kwa sababu ya rangi ya wakazi wake), maduka ya chakula yako wapi leo, mabasi yanapita wapi, na ni kanisa, msikiti au kikundi gani cha majirani ambacho tayari kinalisha watu. Kikundi hicho ndicho cha kwanza kutembelewa, na ziara hiyo ni ya kusikiliza.

Hatua inayofuata ni kuzigawa takwimu zenu wenyewe kwa rangi, asili, lugha na mtaa. Mwulizeni mtu kwa hiari yake, mkimweleza sababu ya swali, na asinyimwe chakula kwa kukataa kujibu. Kosa la kawaida ni kutazama waliofika tu na kuridhika kwamba wamechanganyika, ilhali kinachotafutwa ni tofauti kati ya wenye uhitaji na waliofikiwa. Tena, kundi kama la “Waasia” huwaweka pamoja watu wa hali tofauti kabisa, nalo ligawanywe panapowezekana.

Mlangoni ndipo ubaguzi hujificha zaidi, kwa sababu hapo huvaa sura ya utaratibu. Chukueni fomu yenu ya usajili na, kwa kila hati inayodaiwa, mtafute kanuni iliyoandikwa inayoidai, iwe ya serikali kuu, ya jimbo au ya mfadhili. Isipopatikana, futeni dai hilo, maana huenda liliwekwa na mtu fulani miaka mingi iliyopita na likageuka mazoea. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wahamiaji. Sheria ya mwaka 1996 iliwaondolea wahamiaji wengi waliokuwa nchini kihalali haki ya msaada wa chakula wa serikali, na ingawa sehemu ya haki hiyo ilirudishwa mwaka 2002, watu wazima wengi waliwekewa kipindi cha kungoja cha miaka mitano. Familia ya namna hiyo inapofika kwenu, mara nyingi haina pengine pa kwenda, na swali moja la ziada kuhusu vibali linatosha kuifanya isirudi. Wekeni wakalimani wanaolipwa kwa lugha zinazozungumzwa mtaani, Kiswahili kikiwemo pale walipo wakimbizi kutoka Kongo, na msikubali mtoto atumwe kumfasiria mzazi wake mambo ya kipato na ugonjwa. Angalieni pia kama mlinzi mwenye silaha anahitajika kweli, na kama saa za kufungua zinamfaa anayefanya kazi zamu ya usiku.

Katika chakula chenyewe, waacheni watu wachague kama wafanyavyo dukani, na bajeti ya ununuzi ifuate walichochagua: nyama ya halali, unga wa mahindi wa masa (wa kutengenezea chapati za tortilla), au maziwa yasiyo na laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, kwa kuwa watu wazima wengi wenye asili ya Afrika, Asia na ya wenyeji wa Amerika hawaimeng’enyi vizuri. Sehemu ya fedha hizo inunue kwa wakulima Weusi na Wamarekani Wenyeji. Mwaka 1999 mahakama iliidhinisha maafikiano ya kesi ya Pigford, ambamo wakulima Weusi waliidai Idara ya Kilimo fidia kwa kubaguliwa katika mikopo. Mkataba wa kuuza mazao kila msimu una faida kwao kuliko hotuba ya kuwahurumia.

Yote hayo yatadumu ikiwa tu madaraka yatagawanywa. Mjumbe mmoja wa bodi aliyewahi kupanga foleni ya chakula hugeuzwa msemaji wa watu wote wa rangi yake, kwa hiyo wawe angalau watatu, wenye kura kamili juu ya bajeti na juu ya kuajiri mkurugenzi. Lipieni muda wao, nauli na malezi ya watoto, na mikutano ifanyike jioni. Kamati ya ushauri isiyo na kura naiona kuwa na madhara kuliko kutokuwa nayo kabisa, kwa maana huwachosha watu kwa kuwauliza yaleyale huku uamuzi ukifanyika chumba kingine. Katika ajira, ondoeni sharti la shahada pale kazi isipolihitaji, tangazeni mshahara wazi, na mtazame kila mwaka ni nani anapandishwa cheo na ni nani anaondoka. Ikiwa wanaopakia maboksi ni Weusi na Walatino na wanaosaini hundi ni Wazungu, semina ya siku moja haitabadili kitu.

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza mpango unaopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa rangi au asili ya taifa lake. Kwa hiyo msimpe wala msimnyime mtu mgawo kwa rangi yake. Mnachofanya ni kuondoa vizuizi na kupeleka vituo, saa na fedha mahali ambapo uhitaji ni mkubwa. Wekeni pia njia ya malalamiko isiyopitia kwa msimamizi anayelalamikiwa, nayo majibu yake yaifikie bodi kila robo mwaka, pamoja na jina la aliyepewa jukumu na tarehe ya kukamilisha.