Unasikia wito wa kuwa kasisi Anglikana hapa Uganda? Anzia parishi yako

Vijana wananiuliza sana hii kitu, ibada ikiisha tu mtu anakuvuta pembeni, padre mi nasikia Mungu ananiita, sa niombe nafasi chuo cha theolojia Mukono moja kwa moja? Hapana, usianze na Mukono. Chuo kinafundisha ila hakiiti mtu, na askofu atamwekeaje mikono, yani kumfanya kasisi, mtu ambaye hata kanisani kwao hawamjui?

Mwambie kwanza mchungaji wako, uso kwa uso, sio kwa wasap. Mi nilienda na faili limejaa vyeti nikidhani atafurahi, mzee akaliweka kando bila kulifungua, akanipa ufunguo wa vestri, kile chumba cha mavazi ya ibada, akasema Jumamosi njoo upange viti halafu jioni tunaenda msibani. Nilinuna kweli. Ila kule msibani ndo akanipa Zaburi ya 90 nisome, mama wa marehemu kakaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu, taa ya sola moja tu, mkono unatetemeka mpaka mistari inaruka, nikamaliza, yule mama akanishika mguu akasema rudia. Nikarudia. Naona wito wangu niliusikia pale kuliko kwenye zile ndoto zote nilizokuwa nahadithia watu.

Kwa hiyo omba kazi ndogo, usomaji, shule ya Jumapili, kutembelea wagonjwa, na uifanye miaka kadhaa bila kuhesabu. Apolo Kivebulaya, mmisionari wa kwetu Uganda, alienda Boga kule Kongo 1896 akiwa mhubiri tu, ushemasi, ile daraja ya kabla ya ukasisi, akapata 1900 na ukasisi 1903, na Boga ndo wanamkumbuka mpaka leo.

Huku ukitumika tafuta karatasi zako, cheti cha ubatizo, cha kipaimara, vya shule. Na kama unaishi na mama watoto bila ndoa ya kanisani, hilo lishughulikie mapema, manake ndo linakwamisha wengi. Msisubiri hela ya sherehe kubwa, fungeni ndoa ibada ya kawaida mkanywe chai nyumbani, ndoa ni ileile.

Baraza la parishi likikukubali jina linapanda kwa ashidikoni, msaidizi wa askofu anayesimamia parishi kadhaa, mpaka kwa askofu, halafu unaitwa kuhojiwa. Kila dayosisi ina utaratibu wake so uliza ofisini kwenu. Mke wako naye ajue vizuri anachoingia, usimbebe tu kama mzigo. Na mtu akikuomba hela ili jina lipite, usimpe hata shilingi.

Sasa ndo masomo. Pale Mukono chuo cha Bishop Tucker kilianza 1913, tangu 1997 ni sehemu ya Uganda Christian University, ila sio hapo tu. Ulizia ada mapema, parishi italipa nini na wewe nini, nimeona watu wanarudi nyumbani katikati ya masomo na inauma. Dada zangu nanyi ombeni, askofu Festo Kivengere aliwabariki wanawake kuwa makasisi kule Kigezi tangu 1983.

Kabla ya yote soma ile ibada ya kuweka mikono kwenye Kitabu cha Sala cha 1662, isome polepole chumbani kwako. Umri humo ni miaka 23 kwa shemasi na 24 kwa kasisi, na kwa kawaida unakaa shemasi mwaka mzima kwanza. Shemasi anaulizwa kama anaamini Roho Mtakatifu ndiye amemsukuma ndani yake kuichukua kazi hii, na hilo swali unalijibu mwenyewe, hakuna wa kukujibia.

Halafu kuna pale askofu anawageukia watu, kama kuna anayejua kizuizi chochote juu ya huyu aseme. Yani mbele ya kijiji kizima. Kwa hiyo deni la dukani lipa, na ile kesi ya shamba na kaka yako nenda mkaimalize mwaka huu.