Ukitaka bunduki ya bolti ya kizamani, ikague hivi kabla hujatoa hela

Wakuu, siku hizi mtu akipata leseni ya bunduki ya kuwindia swali lake la kwanza ni darubini gani afunge, akitoka hapo taa, akitoka hapo vimiguu vya kuegeshea, akitoka hapo saiti ya nukta nyekundu inayokula betri, mwisho bunduki yenyewe huioni tena, imevalishwa kama bodaboda ya Ngamiani. Mi niko upande wa bolti ya zamani, yaani ile unayovuta kipande cha chuma kwa mkono kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine, mbao na chuma basi, kwa sababu moja kubwa: kila kinachofanya kazi pale unakiona kwa macho na unaweza kukitunza mwenyewe, na kwa hewa hii ya chumvi ya Tanga hilo siyo jambo dogo.

La sheria tulimalize haraka. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, usije ukadhani kwa vile bunduki ni ya marehemu babu na iko darini tangu enzi za mkoloni basi ni kumbukumbu ya familia tu. Anzia polisi, na hata hiyo ya kununua ikague kwa muuzaji mwenye kibali, siyo uchochoroni.

Sasa, zamani ipi? Maana siyo kila kikongwe kinafaa. Hapa hapa Tanga, Novemba 1914, Waingereza waliposhusha majeshi yao kutoka India, askari wengi wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa bado na bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya 1871, ile ya milimita 11, unatia risasi moja moja, na inatumia baruti nyeusi. Ukifyatua moshi unapanda mweupe juu ya kichwa chako, adui kule anajua ulipo bila kuuliza. Vita walishinda, ila mojawapo ya vitu walivyofurahia kuokota baada ya pale ni bunduki mpya za Waingereza, zilitosha kampuni 3. Kwa hiyo hata wao hawakuupenda ukale kwa ukale. Ukikutana na ya 1871 iache iwe ya makumbusho, na kamwe mtu asiitie risasi ya baruti ya kisasa, ile bolti haikutengenezwa kubeba nguvu hiyo.

Ya kutafuta ni kizazi kilichofuata, yaani Mauser ya 1898 na ndugu zake, au Lee-Enfield ya Waingereza, ile ya risasi ya .303. Mauser ya 98 ubavuni mwa bolti ina kucha ndefu ya chuma, risasi ikichomoka tu kwenye magazini kucha inaidaka kwenye ukingo wa ganda na kuishikilia mpaka chembani, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ukivuta nyuma inaitoa vilevile, uwe umeshikilia bunduki wima, ubavu, au umelala chali mbele ya nyati. Winchester, kampuni ya Marekani, walivyoondoa kucha ya namna hiyo kwenye Model 70 yao mwaka 1964 wateja walinuna, mpaka leo zile za kabla ya 1964 ndo zinazogombewa. Sefti yake nayo mtoto wa shule anaielewa, kikono chake kikilala kushoto inafyatua, kikisimama wima unaweza kufungua bolti ila haifyatui, kikilala kulia vyote vimefungwa. Lee-Enfield yenyewe sifa yake ni mwendo, bolti fupi, laini, na magazini ya risasi 10 wakati Mauser inabeba 5. Mi bado naipa Mauser, ila sitagombana na mtu wa Lee-Enfield.

Ukaguzi. Hakikisha haina risasi, chembani na kwenye magazini, kwa jicho na kwa kidole, usimsikilize anayekwambia "haina kitu hiyo". Chomoa bolti, weka kitambaa cheupe mdomoni mwa mtutu uchungulie kutokea nyuma. Mtutu mweusi mweusi usikutishe, wengi wako hivo, unachotafuta ni ile mifereji inayozunguka iwe na kingo kali, Mauser ni minne, Lee-Enfield za kawaida ni mitano na inazungukia kushoto. Ukiona mashimo ya kutu karibu na chemba, rudisha, nenda kanywe chai. Angalia na mdomo wa mtutu kama umeliwa upande mmoja, hiyo ni kazi ya miaka ya kusafishwa na ufito wa chuma na haraka. Kitako kikague nyuma tu ya bolti, ndo panapopasuka, na kuna wajanja wanaziba ufa kwa gundi na rangi ya kiatu.

Halafu namba. Kwenye Lee-Enfield namba ya bolti ifanane na ya mwili wa bunduki, zikitofautiana maana yake bolti ilitoka kwingine na nafasi ya nyuma ya ganda inaweza kuwa imezidi, hapo ganda linaweza kupasuka usoni kwako, mpe fundi silaha apime kwanza. Kwa za Kijerumani za mwanzo kuna mtego mwingine, mwanzoni mwa karne ya 20 walibadili risasi ya milimita 7.92 ikawa nene kidogo, na hiyo nene kwenye mtutu wa zamani ni hatari, kwa hiyo mtutu upimwe, usiamini maneno.

Kuhusu saiti za chuma, yaani zile za kulengea kwa macho bila darubini, watu wanaziogopa bure. Vichakani Handeni unaona mnyama kwa umbali gani kwani? Mara nyingi ni chini ya mita 80, darubini hapo inakuonyesha manyoya tu. Ila jua hili, saiti ya nyuma ya Mauser ya jeshi ya 1898 inaanzia mita 400, ukilenga cha karibu risasi inapita juu, kwa hiyo kapige karatasi kwenye uwanja wa shabaha kwanza ujue inapanda kiasi gani, au fundi akuwekee ya mbele iliyo ndefu zaidi. Macho yako yakishazeeka, funga darubini, sikulaumu.

Utunzaji sasa, maana kutu ya huku haijui waja leo waondoka leo, ikija imekuja. Risasi za jeshi za zamani fataki yake, kile kidude cha kuwashia baruti, inaacha chumvi mtutuni, na chumvi mafuta hayaitoi, inatolewa na maji. Siku hiyohiyo mimina maji ya moto mtutuni, kausha kabisa, ndo upake mafuta mepesi, ya bunduki au hata ya cherehani. Mbao zipake mafuta ya kitani kidogo, ya nazi hapana, hayakauki. Usiihifadhi kwenye ala ya ngozi, inavuta unyevu, iwekwe kavu ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, risasi mahali pake. Na ukitoka nayo, futa mafuta yote ya mtutuni na chembani kabla hujatia risasi.