Sungura Aliyefiwa: Jinsi ya Kumtafutia Mwenzake

Sungura akifiwa na mwenzake, kabla hujawaza kumtafutia mwingine, angalia anakula nini. Angalia na kinyesi chake pia. Vidonge vikiwa vingi, vikubwa na vya mviringo, tumbo linafanya kazi. Vikipungua au vikawa vidogo vidogo, kuna shida. Sungura asipokula, tumbo husimama, gesi hujaa, na hali huwa ya hatari ndani ya siku moja. Amepitisha saa kumi na mbili bila kugusa chochote? Hiyo ni dharura, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mimi nafuga hapa Bigwa, Morogoro, sungura wa kukaa nao na si wa kuchinja. Mkaa alipokufa, mjane wake Pamba alihamia kwenye kona waliyokuwa wakilala wote wawili, akaupa mlango mgongo. Sahani yake hakuisogelea. Nikawa namfuata palepale na matembele, jani moja moja mkononi. Anayanusa, anatafuna kidogo, anaacha. Kilichomfungua kinywa ni kishona nguo kichanga, kile kinachojiotea pembeni ya mfereji. Kwa hiyo, kabla ya kununua vitu vya bei, mpe mnyama wako kile ambacho siku zote alikuwa akikigombania. Nyasi kavu zisikatike mbele yake hata siku moja.

Jambo jingine ambalo watu wengi hulikwepa: mwache aliyebaki aone mwili. Uweke karibu naye kwa saa chache kabla ya kuzika. Wengine hunusa wakaondoka, wengine hulamba masikio ya marehemu, wengine hujilaza ubavuni. Ukimwondoa marehemu kimyakimya, aliyebaki anaweza kuzunguka banda akitafuta. Kama alikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza, aliyebaki ameshakuwa naye, kumwonyesha mwili hakumwongezei hatari kubwa. Ila hapo usilete mgeni haraka. Muulize daktari ni ugonjwa gani, safisha banda kwa dawa, na umwangalie aliyebaki kwa wiki mbili angalau.

Kama kifo hakikuwa cha maambukizi, hakuna muda wa matanga unaolazimika. Sungura anayekula na kutembea anaweza kusubiri mpaka umpate mwenza anayefaa. Anayezidi kunyong'onyea, anza kutafuta mapema.

Nani anafaa

Jozi inayokubaliana kwa urahisi zaidi ni jike na dume, na dume awe amehasiwa. Madume wawili wasiohasiwa wataumizana vibaya, na majike wawili wanaweza kugombea eneo miezi na miezi. Kuhasi si hiari kama hutaki watoto: mimba ya sungura ni takriban siku 31, na jike anaweza kushika nyingine mara tu baada ya kuzaa. Kumbuka pia kwamba dume aliyehasiwa bado anaweza kuzalisha kwa wiki kama sita baada ya upasuaji. Mtenge muda huo wote, hata akionekana mpole kiasi gani.

Jike naye ni vizuri atolewe kizazi, kwa sababu majike wengi wakizeeka hupata saratani ya mfuko wa uzazi. Lakini upasuaji wake ni mkubwa kuliko wa dume, kwa hiyo mtafute daktari aliyewahi kuufanya kwa sungura, si kwa mbwa tu. Sisi wa Morogoro tuna bahati ya kuwa na SUA, chuo kinachofundisha madaktari wa wanyama. Popote ulipo, daktari akikuambia usimlishe sungura usiku kabla ya upasuaji, jua hajawazoea sungura. Sungura hatapiki, na kumfunga chakula kunamdhuru.

Huku kwetu karibu kila anayeuza sungura anauza nyama. Ukifika kwake ataanza na uzito: huyu kilo mbili na nusu, yule tatu. Mwache amalize, kisha uliza yako. Huyu ameishi na wenzake au peke yake? Ana umri gani? Amewahi kupigana? Omba kumshika mwenyewe. Tazama ndani ya masikio. Maganda ya kahawia ni wadudu wa ukurutu. Tazama manyoya ya ndani ya miguu ya mbele. Yakiwa yamegandamana, amekuwa akifutia pua yenye mafua. Geuza nyuma, pawe pakavu na safi, kwani kuharisha kunaua sungura wadogo wengi. Kagua na nyayo, maana waliolelewa juu ya waya huwa na vidonda. Jinsia ihakikishe kwa macho yako, wauzaji hukosea mara kwa mara kwa wale wachanga. Rangi na aina, awe New Zealand mweupe au wa kienyeji, si hoja kwa anayekwenda kuishi naye. Tabia ndiyo hoja: mkali kwa mkali ni matatizo, na mtoto wa miezi miwili atamchosha mzee anayependa utulivu.

Kabla ya kutoa hela, kubaliana na muuzaji kwamba wasipopatana utamrudisha au mtabadilishana. Wengi hukubali wakiombwa mapema, na hugoma wakiombwa baadaye.

Usimletee simbilisi. Najua mabanda mengi wanakaa pamoja, lakini sungura hubeba bakteria wanaoweza kumuua simbilisi kwa nimonia, teke lake linaweza kumvunja, na chakula chao si kimoja kwa sababu simbilisi anahitaji vitamini C kwenye majani yake kila siku. Kuku pia si mwenza.

Kuwakutanisha

Mgeni akae chumba kingine wiki mbili. Mlishe mwenyeji kwanza, mgeni mwisho, kisha nawa mikono. Ukimkuta na viroboto, usichukue dawa ya mbwa; yenye fipronil huua sungura.

Baada ya hapo weka vizimba viwili vikitazamana, na nafasi ya upana wa kiganja katikati, la sivyo wataumana pua na vidole kupitia waya. Kila siku badilisha magunia wanayolalia: la huyu kwa yule. Mwanzoni Pamba alilikojolea gunia la mgeni na kulichimba kwa hasira. Niliendelea tu. Siku utakapowaona wamejilaza kila mmoja upande wake, wameegemea waya uleule, uko tayari kwa hatua inayofuata.

Mkutano ufanyike mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga. Mimi niliazima baraza ya dada mmoja jirani, nikatandika magunia ili wasiteleze. Usimwingize mgeni bandani mwa mwenyeji; jike hasa atalinda kwake kwa meno. Chagua asubuhi mapema au jioni. Mchana wa Morogoro kuanzia Novemba ni mateso kwa sungura hata akiwa ametulia, sembuse akikimbizana. Weka mafungu mawili au matatu ya majani, maji, na maboksi yaliyotobolewa pande mbili ili asiwepo wa kubanwa ndani. Wewe vaa shati zito la mikono mirefu na glavu, na uwe na ufagio karibu. Usiingize mkono mtupu kati ya sungura wanaopigana.

Kukimbizana kidogo, kupandana, kung'oana nywele mbili tatu: huo ni mjadala wa nani mkubwa, waachie. Jike kumpanda dume pia ni kawaida. Ila akipanda upande wa kichwa, mtoe mara moja, maana anayepandwa anaweza kuuma sehemu za siri. Dalili mbaya ni masikio kulazwa nyuma na mkia kuinuliwa, au wawili kuzungukana kwa kasi kila mmoja akitafuta mkia wa mwenzake. Hapo weka ufagio katikati kabla hawajashikana, na usitishe kwa siku hiyo. Ukiona damu, wakague wote wawili ngozi yote, kwani majeraha hujificha chini ya manyoya.

Dalili nzuri ni za kimya. Kula fungu moja. Kujisafisha uso huku mwingine yuko karibu. Halafu kuna ile ya kichwa: mmoja hukisogeza chini ya kidevu cha mwenzake, akakibana sakafuni, akisubiri kulambwa. Pamba na mgeni, tuliyemwita Tunda, walifanya hivyo wote kwa wakati mmoja, paji kwa paji, hakuna aliyetaka kuanza. Nilimpaka kila mmoja ndizi mbivu kidogo katikati ya masikio. Pamba akalamba ndizi, ndizi ikaisha, akaendelea kulamba. Nililia, sioni haya kusema.

Anza na dakika kumi na tano, ongeza kadiri wanavyotulia, na kila mara maliza wakiwa bado na amani. Kuna wanaopatana kwa siku chache, na wengine huchukua wiki nyingi. Usiwaache usiku pamoja mpaka wamekuwa wakila, wakilambana na kulala wamegusana siku kadhaa mfululizo bila ugomvi. Kabla ya kuhamia, osha banda lote kwa siki na maji, ondoa magunia ya zamani, na upange vitu upya ili pawe pageni kwa wote wawili.

Wasipopatana kabisa, usiwalazimishe. Warudishe kwenye vizimba vya kutazamana. Hata jirani wa upande wa pili wa waya ni nafuu kuliko upweke, na unaweza kujaribu tena baada ya mwezi au kumrudisha mgeni kama mlivyokubaliana.

Wakishapatana, wasitenganishwe. Mmoja akienda kwa daktari, mwingine aende naye kwenye tenga lilelile. Sungura aliyelala siku mbili kwa daktari hurudi na harufu ngeni, na mwenzake anaweza kumshambulia kama hamjui, ukalazimika kuanza upya kwenye baraza ya jirani.