Anza na Ufunguo, Kitabu Baadaye: Kupanga Ratiba na Klabu ya Vitabu Katika Maktaba Ndogo

Mtu akija kaunta kuniambia anataka tuanzishe klabu ya vitabu, kinachofuata mdomoni mwake huwa ni jina la kitabu. Mimi humuuliza: ufunguo utakuwa na nani? Maktaba ndogo hufungwa mapema. Anayefungua na kufunga mara nyingi ni mtumishi mmoja, na chumba cha mikutano ni hichohicho cha watoto, chenye viti vinavyofika magotini. Riwaya iwe tamu namna gani, haitajadiliwa na watu waliosimama nje ya mlango wenye kufuli.

Kwa hiyo utaratibu wangu uko kinyume na wa wengi. Kwanza saa na mlango, kisha nakala, kisha tangazo. Kitabu chenyewe nakichagua mwisho, kikiwa kimeshapunguzwa na hayo matatu.

Saa na mlango

Chagua siku ambayo mtu anaweza kuikumbuka bila kuangalia kalenda. "Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi" inashika kichwani. "Tarehe 5 kila mwezi" haishiki, maana mwezi huu inaangukia Jumatano na ujao Jumamosi, na aliye kazini katikati ya wiki umeshampoteza. Kikao cha saa moja na nusu kinatosha. Kikifika saa mbili, wanaobaki ni wale wasio na haraka ya kwenda popote, na mjadala unakuwa wao peke yao.

Ukishapata siku, usiishie kuomba chumba cha mwezi huu. Kaa na anayeshika ratiba ya chumba, andikeni kwenye daftari vikao vya miezi mitatu, na jina la atakayefungua mlango kila mara. Andika pia jina la pili, la atakayefungua wa kwanza akiugua. Klabu nyingi hufa kwa sababu jina hilo la pili halikuandikwa, halafu lawama anatupiwa mwandishi wa kitabu.

Kuna siku ambazo huja zenyewe kila mwaka na hazihitaji kushawishi mtu, nami huzijaza kwanza kwenye ratiba: 21 Machi ni Siku ya Ushairi Duniani, 23 Aprili ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki, 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, na 8 Septemba ni siku ya kimataifa ya kisomo. Ukiweka kikao cha mashairi karibu na Machi na usomaji wa hadharani karibu na Julai, umeshapata nguzo mbili za mwaka na mada zake zinajulikana mapema.

Shughuli nyingine zitakazoingia kwenye ratiba hiyo ni hadithi za watoto, msaada wa masomo baada ya shule, mafunzo ya kompyuta kwa watu wazima, msaada wa kujaza fomu. Usizirundike. Ratiba yenye shughuli sita ambazo tatu zake huahirishwa inawafundisha watu kutoiamini. Heri mbili zinazofanyika kweli. Na hadithi za watoto ziweke saa ileile ya klabu ya watu wazima, upande wa pili wa jengo, kwa msimamizi mwingine. Wazazi wengi huikosa klabu kwa kukosa wa kumwachia mtoto, hata kama mapenzi ya kusoma wanayo.

Utaulizwa kama wanaohudhuria watoe kiingilio kidogo. Kataa. Ilani ya maktaba za umma ya UNESCO na IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba), iliyotolewa upya mwaka 2022, inashikilia kwamba huduma za maktaba ya umma kimsingi ni bure, na klabu ya vitabu ni huduma kama kuazima kitabu. Anayetaka kuchangia, mwombe alete nakala ya kitabu.

Hesabu ya nakala

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana hapa ndipo mambo huharibika.

Tuseme mna watu 12 na maktaba ina nakala 4 za riwaya ya kurasa 240. Ukimpa kila msomaji siku 10, anapaswa kusoma kurasa 24 kwa siku. Mtu mwenye kazi na familia anaziweza, japo kwa shida. Nakala 4 zikizunguka mara tatu, hizo ni siku 30. Ongeza siku za anayechelewa kurudisha, kwani atakuwepo tu, na unaona kwamba kitabu lazima kitangazwe wiki sita kabla ya kikao, sio mbili. Nakala zikiwa 2, mzunguko ni siku 60, yaani kikao kila baada ya miezi miwili au mitatu. Hakuna ubaya. Ubaya ni kutangaza kikao cha kila mwezi kwa nakala ambazo haziwezi kufika.

Mzunguko una tatizo lake: aliyesoma wa kwanza, siku ya kikao ameshasahau jina la mhusika mkuu. Dawa yake ni kipande cha karatasi ndani ya jalada la nyuma. Kila anayemaliza aandike mstari mmoja: ukurasa uliomsimamisha, na kwa nini. Asiandike jina. Msomaji wa tatu akikuta "uk. 87, hapa nilifunga kitabu kwa hasira", huanza kuutafuta ukurasa wa 87 kabla hata hajafika wa 20. Siku ya kikao vile vipande ndivyo vinavyoanzisha mjadala.

Kuna atakayependekeza kurudufu kitabu kizima kwa mashine ya fotokopi. Hapana. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao nchi nyingi ni wanachama wake, unalinda maandishi kwa uhai wa mwandishi na miaka isiyopungua 50 baada ya kifo chake, na sheria za nchi nyingi zimefika 70. Tenzi za karne ya 19 ni habari nyingine. Muda wake umekwisha, beti zake unaweza kuzichapa ukagawa karatasi moja kwa kila mtu. Ila chapa beti tu. Maelezo na tafsiri alizoongeza mhariri wa zama zetu bado ni mali yake.

Kwa msomaji asiyeona au mwenye uoni hafifu, Mkataba wa Marrakesh wa 2013 umefungua njia: nchi zilizojiunga nao na kuuingiza katika sheria zao huruhusu kutengenezwa nakala za nukta nundu, maandishi makubwa au sauti bila kumwomba mwenye haki ruhusa. Uliza maktaba kuu ya nchi yako wanacho nini tayari. Mara nyingi kipo, hakuna tu aliyekiomba.

Nakala zikikosekana kabisa, zipo njia mbili nazozipenda kuliko kungoja bajeti. Ya kwanza ni mada moja, vitabu vingi: wote wanasoma kuhusu safari, au ndoa, au shule, kila mmoja kitabu alichokipata rafuni, na kikao kinakuwa cha kusimuliana. Ya pili ni kusoma kwa sauti. Nakala moja, hadithi fupi moja, wanapokezana kusoma aya kwa aya, wasiotaka kusoma wanasikiliza. Hakuna kazi ya nyumbani, na asiyejua kusoma vizuri hajulikani. Kama ningelazimishwa kubaki na klabu ya aina moja tu katika maktaba ndogo, ningebaki na hii.

Tangazo

Tangazo ninaloliona kwenye mbao nyingi liko hivi: "Uongozi wa maktaba unapenda kuwatangazia wananchi wote kwamba kutakuwa na programu mbalimbali za kijamii hivi karibuni. Wote mnakaribishwa." Umesoma mistari miwili na hujui uende lini, wapi, wala ukafanye nini.

Lile linaloleta watu liko hivi:

"Jumamosi ya kwanza, saa 10 hadi saa 11 na nusu jioni, chumba cha watoto. Tunasoma hadithi fupi kwa sauti. Bure. Huna kadi ya maktaba? Njoo. Hujamaliza shule? Njoo. Una mtoto? Mlete, ana hadithi zake chumba cha pili. Muulize aliye kaunta."

Angalia kwamba linajibu yale ambayo mtu huona haya kuyauliza. Wengi hawaingii maktaba kwa kudhani ni mahali pa wanafunzi na wasomi, na tangazo lisipolisema hilo waziwazi, "wote mnakaribishwa" halimgusi mtu. Ranganathan, mkutubi wa India, aliweka kanuni tano za ukutubi mwaka 1931, na ya nne ni kuokoa muda wa msomaji. Huwa naipima kwenye matangazo: kama mtu lazima apige simu ili ajue saa, tangazo hilo limekula muda wake.

Libandike mlangoni kwa nje, maana wanaoingia ndani tayari ni wako. Kata mengine madogo, uyatie ndani ya kila kitabu kinachoazimwa wiki hiyo. Kwenye kundi la WhatsApp weka maandishi, usiweke picha ya bango peke yake. Picha haifunguki kwa mwenye simu ndogo, na anayetumia simu inayomsomea maandishi hataisikia. Kikao kikiahirishwa, andika "KIMEAHIRISHWA" juu ya tangazo lilelile, na tarehe mpya chini yake. Kulibandua kimyakimya kunamleta mtu hadi mlangoni bure, na huyo harudi.

Siku yenyewe

Panga viti kwa duara, na kiti cha mwendeshaji kisitazamane na mlango. Anayeingia kwa kuchelewa akikuta macho yako ndiyo ya kwanza, hukaa nyuma na hasemi neno. Viti viwili karibu na mlango viache wazi kwa ajili yake.

Usianze kwa kuuliza "Mlikipenda kitabu?" Watajibu "ndiyo", na kimya kitatanda mpaka mtu akohoe. Anza na ukurasa. Tuseme katika riwaya yenu kuna mahali mke anasikia hodi usiku na hafungui. Sema: fungueni ukurasa ule, nani atusomee? Asomapo mmoja, uliza: alikuwa anamwogopa aliyebisha, au alikuwa anamwogopa aliye ndani? Swali la namna hiyo halina jibu la shule. Watu wanabishana kwa kurudi kwenye maandishi, na ambaye hajamaliza kitabu naye anaweza kuingia, kwa sababu ukurasa ameshausikia. Andaa maswali manne ya hivyo. Utatumia mawili.

Kila klabu ina mzungumzaji mmoja ambaye akishika neno haliachii, na mara nyingi ni mtu mzima anayeheshimika, huwezi kumkatiza hivihivi. Mimi humtumia. Ninamwambia mapema: "Mzee, leo naomba wewe utufungie mjadala." Kwa kuwa ameahidiwa mwisho, anavumilia katikati. Akianza kabla ya zamu yake, ninamkumbusha kwa upole: "Hilo tulitunzie mwisho, Mzee, kwanza tumsikie dada pale." Kwa asiyesema kitu, usimlazimishe mbele ya watu. Mwombe asome aya. Sauti yake ikishasikika mara moja chumbani, ya pili haimpi tabu.

Mgeni mwandishi akipatikana, mpe tarehe iliyo baada ya mzunguko wa nakala kukamilika. Ukumbi wa watu ambao hawajafungua kitabu chake utamuuliza anaandikia asubuhi au usiku, basi. Mgeni mwanasiasa anayetaka "kusalimia tu" kikao, hasa uchaguzi ukikaribia, mwombe asalimie siku nyingine na mahali pengine.

Daftari la mahudhurio liwepo, lakini majina yawe ya hiari, na namba ya simu iandikwe kwa anayetaka kukumbushwa tu. Kinachohitajika kwenye taarifa yako kwa wakubwa ni idadi. Nani aliazima kitabu gani, hiyo ni siri ya msomaji, hata akiuliza mwenzi wake.

Kabla watu hawajainuka, toa nakala za kitabu kijacho palepale kwenye duara, ziandikwe kwenye daftari la kuazima zikiwa mikononi mwao. Ukisema "pitieni kaunta Jumatatu", nusu hawatapita.

Na mahudhurio yakishuka, usikimbilie kubadili kitabu. Badili saa kwanza. Waulize walioacha kuja, sio waliopo, maana waliopo saa hiyo inawafaa. Ukipata jibu lilelile kutoka kwa watatu, kwamba saa 10 ndio bado wako njiani kutoka kazini, sogeza kikao nusu saa mbele, andika saa mpya mlangoni, kisha mwambie mwenye ufunguo.