Kabla ya kupanda mti kwenye timbo lililoachwa

Huku Kisauni na Bamburi mawe ya matumbawe yamechimbwa miaka nenda miaka rudi, na mashimo yaliyobaki yamegeuka majaa. Mimi nina kitalu cha miche, na kila masika hunijia vikundi vya mtaani vikitaka miembe na michungwa ya kupanda humo. Siwauzii mpaka tuzungumze kwanza.

Swali langu la kwanza: hapo palikuwa na nini? Waulizeni wazee wa mtaa. Maganda na mifuko ya plastiki huzolewa ikaisha. Palipokuwa na gereji, au palipochomwa nyaya na kuyeyushwa betri, ni habari nyingine. Watu wa Owino Uhuru, hapahapa Mombasa, waliugua kwa risasi, yaani madini ya ledi yaliyomo kwenye betri, iliyotoka kwenye kiwanda cha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Risasi haiozi. Mkishuku, chukueni udongo wa juujuu kutoka pembe mbalimbali za kiwanja, mpeleke maabara, na mtaje wazi kwamba mnataka kipimo cha risasi, kwa sababu kipimo cha kawaida cha shamba huangalia rutuba tu. Ikipatikana nyingi, msipande mchicha wala muhogo hapo. Waarifuni NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, wazuieni watoto wasichezee pale, na msilime wala kufagia pakavu: vumbi ndilo linaloingia mwilini.

Ruhusa ya mwenye ardhi iwe kwa maandishi. Kiwanja kikishapendeza, wenyewe huwa wengi.

Sasa timbo lisilo na sumu. Somo letu liko Bamburi, ambako kuanzia mwaka 1971 René Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo, alijaribu aina 26 za miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji. Zilistahimili 3 tu, na uliobeba kazi ni mvinje. Leo pale ni msitu, Haller Park. Kwa hiyo miembe isubiri.

Okoteni vikoba vya mbegu vya mvinje kabla havijafunguka, mvianike juu ya gazeti mpaka mbegu zidondoke. Mkishaotesha, changanyeni kwenye viriba konzi ya udongo kutoka chini ya mvinje mkubwa. Msiiruke hatua hii hata kidogo. Udongo huo una vijidudu vinavyoingia kwenye mizizi na kuulisha mti naitrojeni ya hewani. Mche ukifikia kimo cha goti, ung'oe mmoja mwoshe mizizi: mkiona vinundu vya kahawia vimeshikana kama tangawizi changa, miche iko tayari. Bila vinundu, kwenye mwamba mtupu itadumaa.

Vunjeni mwamba kwa mtaimbo, shimo la futi mbili, mjaze mboji na vumbi la mawe yaleyale. Acheni hatua mbili baina ya miti. Pandeni mvua ikishika, na kiangazi cha kwanza mmwagilie jioni.

Baada ya miaka michache chini patakuwa na zulia la majani makavu, nanyi mtashangaa kwamba hayaozi. Ni magumu, yana uchungu unaovifukuza viini vya kuozesha. Hapo ndipo jongoo wanapohitajika, wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu. Haller aliwaleta kwa makusudi. Watumeni watoto wawaokote mvua inaponyesha, mwaachie kwenye kivuli chenye unyevu. Wanayatafuna majani, na kinyesi chao ndicho udongo wenyewe. Chimbueni kwa kidole kila baada ya msimu. Naipenda sana siku ile mtu anapotoa kitu cheusi chenye harufu ya msitu mahali palipokuwa na jiwe jeupe. Naomba sana msilichome zulia hilo kwa kisingizio cha usafi.

Udongo ukifika kina cha kiganja, punguzeni mivinje, boriti zake muuze zilipie miche mipya, na kwenye mianya pandeni mkwaju, mbambakofi na mkuyu. Miembe nayo, njooni tu mchukue.