Kumsikia mtoto, kuutunza mgongo: hatua kwa hatua kwa wazazi wa pwani

Kazi yangu ni tiba ya viungo, na wengi ninaowahudumia ni wanawake wa mashariki ya Unguja: Paje, Jambiani, Bwejuu hadi Makunduchi. Kilimo cha mwani kilianza huku mwaka 1989, na wanaokifanya wengi wao ni kinamama. Mtu akija kwangu hutaja mgongo. Nikikaa naye kitako kidogo nakuta mgongo ni nusu ya habari tu; nusu nyengine imelala juu ya mkeka pale pembeni, ina wiki sita, na inalia tangu alasiri.

Kwa hiyo mwongozo huu naupanga hivi kwa makusudi: mtoto kwanza, halafu ndio mwili wa mzazi. Watu huniomba mazoezi, nami nawarudisha kwa mtoto, kwa sababu mtoto anayefahamika mapema mara nyingi hulia kidogo, na dakika zinazookolewa hapo ndizo za mazoezi. Mama asiyelala ukimwandikia mazoezi kumi hatafanya hata moja.

Tayarisha mkeka, kiti kisichoyumba na ukuta. Hakuna cha kununua.

Hatua ya 1: Zijue ishara zinazotangulia kilio

Mtoto mwenye njaa haanzi kwa kulia. Kwanza hugeuza kichwa huku na huku akitafuta, hulambalamba midomo, hutoa ulimi, hupeleka ngumi mdomoni. Ukimpa ziwa hapo, hulishika vizuri na hunyonya kwa utulivu. Ukisubiri hadi apige kelele, utahangaika kwanza kumtuliza, ndipo anyonye, tena atameza hewa nyingi. Kilio cha njaa ni ishara ya mwisho.

Mwenye usingizi hupiga miayo, hutazama mbali kama hakuoni, hufikicha macho, na wengine huvuta sikio. Kuna na ishara ya tatu ambayo wengi hawaijui: mtoto aliyechoshwa na watu. Hugeuza uso, hutanua vidole, hukunja mgongo nyuma, pengine kwikwi humshika. Khasa siku wageni wanapokuja kumwangalia mzazi, mtoto hupita mikono saba ndani ya saa moja, kisha jioni watu hushangaa analilia nini. Mchukue, ingia naye chumbani penye giza kidogo, usimsemeshe. Wageni watakunywa chai.

Kwa siku chache tu, kila akianza kulia jiulize: kabla ya hapa alifanya nini? Kila mtoto ana mtindo wake, na anayekaa naye ndiye wa mwanzo kuujua. Mara nyingi huyo ni bibi, kwa sababu mama yuko shamba la mwani. Basi muulize bibi, msifundishane kwa ukali. Nimeambiwa zaidi ya mara moja, "Mwanangu, wewe umesoma, lakini mie nimelea." Ni kweli. Jambo moja tu ndilo nabishana nalo, kwa adabu: kwamba ukimbeba sana mtoto mchanga atadeka. Katika miezi ya mwanzo hadeki. Akiitikiwa anapoita, anajua kuna mtu.

Hatua ya 2: Msemeshe, kisha umsubiri ajibu

Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, ambao ndio umbali wa uso wako anaponyonya au unapompakata. Msogelee hapo. Sema naye neno, kwa sauti ile nyembamba ya kubembeleza ambayo watu wazima huona aibu nayo. Watoto huisikiliza zaidi kuliko sauti ya kawaida. Halafu nyamaza. Hesabu moyoni hadi tano. Atapepesa macho, atarusha mguu, atafungua mdomo. Hilo ndilo jibu lake, nawe mjibu.

Hapa wazazi wengi hukosea kwa wingi wa maneno. Humsemesha mtoto mfululizo bila ya kumpa nafasi, halafu simu inalia, mazungumzo yamekwisha. Dakika mbili za kupokezana zina faida kuliko nusu saa ya kusemeshwa peke yake.

Huna haja ya kutenga saa ya mazungumzo. Unapomwogesha taja unachokifanya: "Sasa mguu. Na huu mwengine. Maji ya moto? Basi." Unapokuna nazi mweke mbali na mbuzi, lakini akuone na akusikie. Baba anayerudi asubuhi kutoka zamu ya usiku hotelini ampokee mtoto mama akioga. Asiwashe televisheni, amsimulie habari za usiku huo, hata za mgeni aliyepoteza ufunguo. Kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja, Shirika la Afya Duniani halishauri kuwawekea skrini kabisa.

Tabasamu la kukuitikia huja karibu na wiki ya sita. Sauti za "aguu" hufuata katika mwezi wa pili na wa tatu, na "bababa, dadada" katikati ya mwaka. Ikiwa amefika miezi sita na hageukii sauti, au amefika mwaka bila ya kubwabwaja wala kuonyesha kitu kwa mkono, mpeleke akapimwe, masikio kwanza. Msiambiane tu kwamba baba yake naye alichelewa kusema.

Hatua ya 3: Kilio cha jioni

Kuna kilio kisicho na njaa wala homa. Huongezeka tangu wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi mwezi wa tatu au wa nne. Hupenda saa za baina ya alasiri na isha, wakati ambao mama amechoka na moshi wa jikoni umejaa. Hapo ndipo habari za zongo, yaani jicho baya, huanza. Kisomo kisomwe, hakina madhara. Lakini uangalie na umri wa mtoto.

Fuata mpango huu: mpe ziwa, mcheulishe, tazama nepi, na vidoleni kama uzi haukumkaza, mfunge kwa kanga kifuani mwako ngozi kwa ngozi, tembea naye uani polepole. Kama bado analia na wewe damu inakuchemka, mlaze chali mahali pa salama, toka nje, pumua dakika chache, mwite mtu. Mtoto hafi kwa kulia dakika tano. Kutikiswa kwa hasira kunaweza kumuua au kumpofua, kwa sababu ubongo wake hugonga ndani ya fuvu. Hili mwambie kila anayekaa naye, hata dada yake wa miaka kumi.

Hatua ya 4: Anza na misuli isiyoonekana

Sasa mwili. Misuli ya chini ya nyonga ndiyo inayobeba kibofu na kizazi, na mimba huichosha hata kwa aliyejifungua kwa upasuaji. Ikilegea, mkojo hutoka ukikohoa au ukinyanyua ndoo. Wanawake wengi hudhani ndio uzazi na hunyamaza miaka. Hutibika, na mara nyingi kwa zoezi hili.

Lala ubavu au kaa. Pumua ndani. Unapotoa pumzi, banza kama mtu anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, uvute juu. Makalio na mapaja yasikaze, pumzi usiizuie. Shikilia hesabu ya tatu, kisha legeza kabisa. Kulegeza ni nusu ya zoezi. Rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, na kila ukizoea ongeza hadi hesabu ya kumi. Usijizoeze wakati unakojoa.

Utakumbukaje? Sikia adhana. Aliye katika nifasi, damu ya baada ya kujifungua, hasali, lakini adhana anaisikia. Chagua adhuhuri, magharibi na isha, basi. Unaweza kuanza siku chache baada ya kujifungua, mradi hakuumi na mpira wa mkojo umeshatolewa.

Hatua ya 5: Lipime tumbo kabla ya kulikaza

Misuli miwili ya mbele ya tumbo huachana katika mimba. Lala chali, magoti juu, weka vidole juu kidogo ya kitovu, nyanyua kichwa tu. Utausikia mfereji baina ya misuli. Wiki za mwanzo ni kawaida. Ukifika wiki ya nane na bado vidole viwili au zaidi vinazama, mwone mtaalamu wa viungo.

Wakati huo acha yale mazoezi ya kulala na kuinuka ya wachezaji mpira; hulisukuma tumbo nje. Kufungwa kanga tumboni ndani ya arobaini nakukubali kama hakubani pumzi, lakini kanga haiunganishi misuli. Fanya haya mawili: lala chali, magoti juu, toa pumzi huku ukigandamiza kiuno kwenye mkeka, halafu nyanyua makalio taratibu, hesabu tatu, shusha. Mara kumi kila moja.

Mtoto naye mlaze kifudifudi kando yako, macho kwa macho, akiwa macho na si usingizini. Dakika mbili tatu, mara kadhaa, mpaka zifike 30 kwa siku. Shingo yake inapata nguvu, tumbo lako linapata kazi, na ile hatua ya pili inaendelea. Akisinzia mgeuze chali.

Aliyejifungua kwa upasuaji aanze kwa pumzi na hatua ya nne tu. Mengine baada ya kuruhusiwa, kwa kawaida karibu na wiki ya sita. Kabla ya hapo asinyanyue kizito kuliko mtoto wake.

Hatua ya 6: Kuinama

Hii ndiyo inayoumiza watu wetu. Ukifunga kamba za mwani kwenye vigingi usisimame miguu imenyooka huku umekunja kiuno. Tanua miguu, kunja magoti, sukuma makalio nyuma, mgongo ubaki umenyooka. Ukichoka piga goti moja. Kila unapomaliza kamba simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma kidogo mara tano.

Mwani mbichi ni mzito kwa sababu ya maji. Uache uchuruzike, kisha beba nusu gunia mara mbili. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ndoo mbili za kumi, moja kila mkono, ni salama zaidi. Kufunga mbegu za mwani nyumbani kalia kigoda, mgongo ukutani, badala ya kunyoosha miguu chini saa nzima. Na ukinyonyesha mlete mtoto kwenye ziwa. Ziwa lisimfuate mtoto.

Kwa nguvu ya miguu: kaa kitini na usimame bila ya kushika, mara kumi. Mtoto akishaweza kukaza shingo, mpakate ukifanya hivyo, atacheka. Kwa mabega: weka viganja ukutani, usogee na urudi, mara kumi. Kinababa pia, na wala wasiseme wanabeba mizigo bandarini.

Hatua ya 7: Panga kwa maji, si kwa siku za wiki

Kwa mtu mzima lengo ni angalau dakika 150 za mwendo kwa wiki, na vipande vya dakika kumi vinahesabika. Mwendo wa kutosha ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ratiba ya "Jumatatu kimbia, Jumanne pumzika" haimfai mkulima wa mwani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali na kazi ni nzito. Siku hizo fanya hatua ya nne na kujinyoosha, zaidi ya hapo lala mtoto anapolala. Siku za maji mafu, yasiyopwa mbali, ndizo za kutembea: baada ya alasiri, viatu bapa, buibui si kizuizi, na shoga mmoja, kwa sababu ukiahidiana na mtu utatoka.

Mweleze mapema mwenzako au wifi siku ambazo atashika mtoto. Ukiomba msaada mlangoni, viatu mkononi, utakataliwa.

Hatua ya 8: Pa kusimamisha mazoezi

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ikiwa damu imeongezeka sana, kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, una homa, kifua kinabana, au mguu mmoja umevimba na una moto. Ukiwa huna raha wala hamu zaidi ya wiki mbili, au unajiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni maradhi na ina tiba. Mwambie mkunga au mhudumu wa afya wa shehia yako, hata leo.

Mtoto mchanga mpeleke mara moja akiacha kunyonya, akiwa na joto la 37.5 au zaidi, akiwa wa baridi, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akishikwa na degedege, au viganja na nyayo zikiwa za manjano. Hata kama ni bamvua na mwani umekomaa.